Kituo kipya, mwalimu mkongwe: namna ya kujenga urafiki na mwenzako aliyekuzidi miaka thelathini

Mwaka 2021 nilipangiwa shule ya msingi ya kijijini mkoani Singida. Nilikuwa na miaka 26. Walimu tulikuwa saba, na mmoja wetu, mama wa miaka 57, alianza kufundisha darasa la kwanza kabla mimi sijazaliwa. Siku naripoti nilimkuta kwenye kona yake karibu na dirisha, rundo la madaftari mbele yake. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kuanzia viatu, akarudi kwenye madaftari. Miezi mitatu ikapita hatujasemezana zaidi ya salamu.

Alipostaafu mwaka 2024 hakukuwa na mtu kazini aliyekuwa karibu nami kama yeye. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu kijana anayefika kituoni na kukuta mtu wa aina hiyo: wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka, maneno yake ya kuhesabu, na wenzako wanakwambia "yule mwache tu, ndivyo alivyo". Muuguzi aliyepelekwa zahanati au kijana aliyeingia karakana abadilishe majina ya vitu tu, mengine ni yaleyale.

Kuna jambo moja nililichelewa, na hatua zote zinatoka humo. Watu wengi wa rika lile hawaanzi urafiki kwa mazungumzo. Wanauanzia kwenye kazi. Atatazama mikono yako kwanza, na akiridhika ndipo atasikiliza unachosema. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumvuta, kumbe yeye alikuwa anasubiri kuona kama nitashika chaki kisawasawa.

Hatua ya 1: Salamu na jina

Shikamoo ya kupita njiani huku umeinamia simu anaisikia, na anaiweka kumbukumbuni. Simama, mwamkie, ngoja marahaba yake, kisha uliza jambo linalomhusu kweli: mvua imefika shambani kwake, mjukuu aliyekuwa anaharisha amepona. Dakika moja inatosha, mradi iwe kila siku, hata siku ambayo jana yake mlikwaruzana.

Jina la kumwita lisikilize kwa wenzako kabla hujalibuni. Wapo wanaopenda "Mwalimu" na si kingine. Wapo wanaochangamka wakiitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Nimeona mwanaume wa miaka 55 akinuna kuitwa mzee, na mwingine wa miaka 48 akilitaka jina hilo kwa nguvu. "Bibi" na "babu" usianzishe wewe hata kama wanafunzi wanamwita hivyo wakiwa mbali. Wangu tulimwita Mama, shule nzima. Lakini mbele ya wanafunzi, darasani au mstarini, alikuwa Mwalimu kila mara, na hilo alilithamini kuliko nilivyodhani.

Hatua ya 2: Nyoosha kazi yako mwenyewe

Wiki yangu ya kwanza ya zamu nilifika saa moja na robo. Nilikuta wanafunzi wameshafagia, wamemwagilia miche, na rimu ya gari tunayoigonga kama kengele imeshagongwa. Aliyeigonga alikuwa Mama. Hakusema neno. Angenigombeza ningepata ahueni.

Zamu iliyofuata nilifika saa kumi na mbili na nusu. Alipoingia getini alinikuta kwenye pipa la maji nagawa ndoo. Akasema, "Leo umeamka." Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu ambayo haikuwa jibu la salamu.

Usikimbilie kumfurahisha. Mtu aliyekaa miaka thelathini na kitu kazini anajua anayefanya kazi na anayeonyesha kwamba anafanya. Wahi vipindi vyako. Andalio la somo liandikwe kabla ya somo, lisiandikwe siku mdhibiti ubora anapotajwa kuwa yuko njiani. Kitabu cha zamu kijazwe jioni ileile. Ukiomba ruhusa ya kwenda benki mjini, rudi siku uliyosema. Hayo yakikaa sawa kwa muhula mmoja, nusu ya ukuta imeshabomoka na wewe hujafungua mdomo.

Hatua ya 3: Nenda na swali la kweli

Hapa ndipo mambo yalipogeuka kwangu.

Vijana wengi tunapotaka kumkaribia mkongwe tunasema, "Mama, naomba unishauri kuhusu maisha." Swali la namna hiyo halina mpini wa kushika. Litampa hotuba ya kukuondoa, basi. Nenda na tatizo la kazi lililokushinda, lenye jina, ulilolihangaikia kwanza wewe mwenyewe.

Mimi nilikuwa na mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma. Nilimwendea Mama saa nane mchana, ofisi ikiwa tupu, nikamwambia: "Mama, nina mtoto anataja ma me mi mo mu bila kukosea, lakini nikiandika 'mimi' peke yake ubaoni ananyamaza. Nimemkalisha mbele, nimempa kitabu cha darasa la kwanza, nimemfundisha sauti za herufi moja moja. Wewe ungeanzia wapi?"

Aliweka kalamu chini. "Huyo hasomi," akasema. "Anaimba."

Kesho yake akaja darasani kwangu na kadi alizokata kutoka kwenye maboksi ya chaki. Alimwandikia mtoto zile silabi tano, akamtaka aanzie mwisho: mu, mo, mi, me, ma. Mtoto akakwama papo hapo. Mama akaziondoa zote, akambakishia ma, mi, mu na me, kila moja kadi mbili, akazichanganya mezani kama karata. "Nitengenezee mama." Ikachukua muda. "Nitengenezee mimi." Halafu akaweka mu na me pamoja bila kusema kitu, akangoja. Mtoto alitazama, akatazama tena, akasema kwa sauti ya chini, "Mume." Darasa zima likacheka, naye akacheka kwa sababu alijua amesoma neno ambalo hakuna mtu aliyemtajia.

Nilimuuliza Mama kama mbinu ya sauti tuliyofundishwa chuoni ni mbaya. Akasema hapana, na yeye alipitia semina za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mtaala wa 2015 ulipoingia, anaitumia kila siku. Ila mtoto akishashika wimbo, lazima wimbo uvunjwe kwanza, ndipo sauti zipate pa kukaa. Hilo sijalisoma popote.

Angalia swali lenyewe lilivyokaa. Lilikuwa dogo. Lilionyesha nilichojaribu, kwa hiyo hakuona kwamba nimekuja kumtupia mzigo wangu. Na lilikuwa ndani ya kitu anachokijua kuliko mtu yeyote kata nzima. Ukishapata jibu, litumie, kisha rudi umwambie lilivyokwenda, hata kama lilishindikana. Kurudi ndiko wengi tunakosahau. Anayeuliza asirudi, mkongwe hamjibu kwa moyo mara ya pili.

Hatua ya 4: Shika upande mmoja wa mzigo

Darasa la kwanza la Mama lilikuwa na watoto 118. Zidisha hiyo kwa daftari moja la kuandika na moja la kuhesabu, kila siku. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, madarasa ya chini ya shule nyingi yamefurika namna hiyo, na wanaoyabeba mara nyingi ni akina mama wa umri huu, kwa sababu sisi vijana tunayakimbia.

Unaweza kumsaidia, lakini kuna namna. Neno baya kuliko yote ni "Mama, pumzika, umechoka." Wewe unaona huruma. Yeye anasikia kwamba nguvu zake zimekwisha na watu wameanza kuziona zinapokwisha. Usimnyang'anye daftari mkononi. Kaa kwenye benchi lilelile na useme, "Nianzie chini ya rundo, wewe endelea juu, tukutane katikati." Mnafanya kazi moja, kwa usawa. Nilifanya hivyo Jumatatu na Alhamisi tu, siku ambazo vipindi vyangu viliisha mapema. Siku mbili unazozitimiza ni bora kuliko kila siku unayoiahidi.

Kazi ya mikono ndiyo inayofungua mdomo. Mwezi mmoja tuliamua kutengeneza zana za kuhesabia: visoda kutoka dukani na kwenye kilabu cha kijiji, tukavitoboa kwa msumari, tukavitunga kwenye waya kumi kumi. Vilikuwa zaidi ya elfu moja. Jioni tatu tulikaa chini ya mwembe na nyundo, na katika jioni hizo ndipo nilipojua kwamba ana watoto wanne, kwamba mmoja alifariki, na kwamba alitaka kuwa muuguzi. Sikuuliza hata moja kati ya hayo. Mkono ukiwa na kazi na macho yakiwa kwenye msumari, mtu husema mambo ambayo usingeyapata mkitazamana.

Hatua ya 5: Simu na mifumo, kwa uangalifu mkubwa

Mfumo wa PEPMIS, wa kupima utendaji kazi kwa mtandao, ulipokuja, kila mtumishi wa umma alitakiwa aingie mwenyewe, aweke majukumu yake na aripoti utekelezaji. Kwa kijana ni kero ya nusu saa. Kwa Mama, mtu aliyejaza daftari la mahudhurio kwa mwandiko wa kuchongeka miaka yote, ilikuwa mara ya kwanza kuonekana hajui kazi.

Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia mbele ya ofisi nzima, "Lete simu Mama, nikufanyie." Akamuuliza nywila kwa sauti, akabonyeza, akamrudishia. Dakika mbili. Mwezi uliofuata Mama alikwama palepale, na badala ya kumuuliza mtu alipanda bodaboda hadi mjini akamlipa kijana wa stesheneri, naye akamwachia nywila yake. Ndivyo watumishi wengi wa umri wake wanavyofanya, na ni hatari, maana kwenye akaunti ileile ya mtumishi kuna taarifa zake zote.

Mimi nilichofanya ni hiki, na nakushauri ukifuate kwa mpangilio huohuo:

Subiri ofisi iwe tupu, au mfuate darasani kwake baada ya watoto kuondoka. Anza kwa kukuza maandishi ya simu yake. Nusu ya kinachoitwa kutojua ni herufi ndogo na miwani iliyopitwa na wakati. Kaa ubavuni, simu ikae mkononi mwake, wewe uonyeshe kwa kidole bila kugusa kioo. Akifika kwenye nywila, geuza uso. Akikosea, ngoja aone mwenyewe. Mwisho, aandike hatua kwenye daftari kwa maneno yake, si yako. Mama aliandika: "Bonyeza mistari mitatu juu kushoto, kama ngazi." Mimi ningeandika menyu, na daftari lisingemsaidia kitu.

Tulifanya hivyo mara nne. Mara ya tano aliingia peke yake, akaja kunionyesha, na wiki hiyohiyo nikamkuta anamwelekeza mwalimu mkuu msaidizi. Sikusema neno kwamba nilihusika, na wewe usiseme.

Hatua ya 6: Pokea

Urafiki wa kutoa tu unamfanya mwenzako kuwa mzigo wako. Mkongwe mchapakazi hapendi kuwa mzigo wa mtu.

Saa nne, wakati wa chai, Mama alikuja na kikopo cha mihogo au viazi vitamu. Mara ya kwanza aliponikaribisha nilisema asante, nimeshiba, kwa kuona haya kula chakula chake. Nilikosea. Kwake niliikataa meza yake. Kula, hata vipande viwili. Akikupa karanga za shambani, chukua. Akikupa kuku wakati wa kwenda likizo, chukua na umwambie mama yako amshukuru kwa simu. Mimi nikirudi kutoka Moshi nilibeba ndizi, mkungu mmoja, siku nzima kwenye basi. Usilipe chai ya watu wote kila siku kwa sababu huna familia ya kulisha. Inawaumiza wenye familia.

Utani nao unapokelewa, hauanzishwi na mdogo. Mimi ni Mchaga wa Marangu na Mama ni Mpare wa Usangi aliyeolewa Singida. Wanaotoka Kilimanjaro wanajua kwamba Wachaga na Wapare ni watani. Aliniacha karibu mwaka mzima kabla hajautumia. Siku moja nilikosea kujumlisha michango ya chai, akasema, "Mchaga akikosea hesabu, ujue kakosea makusudi." Ofisi ilipasuka kwa kicheko. Tangu siku hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumjibu, lakini si mbele ya wanafunzi wala siku ana uso mzito.

Hatua ya 7: Jifunze alikotoka

Huhitaji kumhoji. Ila ukijua nchi aliyokulia, utaelewa mambo mengi unayoyaona kama ukaidi.

Mtu aliyezaliwa mwaka 1964 alikuwa darasani enzi za Elimu ya Kujitegemea, wakati shamba la shule lilikuwa somo kama hesabu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta akiwa na miaka 14 au 15. Baada ya vita zikaja foleni za sukari, sabuni na khanga. Mama alinisimulia alivyopanga foleni tangu alfajiri, akafika dirishani sukari imekwisha, akarudi na kiberiti. Aliingia kazini mwaka 1986, akiupata mshahara wake wa kwanza taslimu baada ya kupanda lori kwenda wilayani. Ameona ada ikirudi, ameona ikifutwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulipoanza mwaka 2002, ameona watoto wakimiminika mara mbili. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, darasa la kwanza likiwa miongoni mwa madarasa ya mwanzo, yeye aliupokea akiwa na miezi michache tu ya kubaki kazini, na akaandika maazimio yake ya kazi upya yote.

Nilipojua hayo niliacha kushangaa kwa nini anakusanya vipande vya chaki kwenye kikopo.

Swali linalofungua mtu ni la kitu kimoja: "Mama, ofisi hii ilikuwa wapi kabla ya jengo hili?" "Mwalimu mkuu wako wa kwanza alikuwaje?" Usimwambie kwamba zamani maisha yalikuwa rahisi. Usimsimulishe mbele ya wageni kama kitu cha makumbusho. Na akirudia hadithi uliyoisikia, isikilize. Mara nyingi kuna kipande kipya.

Hatua ya 8: Nyumbani, na mipaka

Akifiwa, nenda. Salamu za rambirambi kwenye kundi la WhatsApp hazihesabiki. Nenda mapema, toa mchango wako kwa mwandikaji, kisha tafuta kazi: kuchota maji, kupanga viti, kupasua kuni. Mdogo wake Mama alipofariki nililala msibani siku mbili pamoja na vijana wa ukoo. Baada ya hapo mume wake aliniita kijana wetu.

Kwa siku za kawaida, usiende bila taarifa mara ya kwanza, piga hodi, na usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari na mche wa sabuni vinatosha.

Hapa niseme wazi. Kijana wa kiume na mama, au binti na mwanaume mtu mzima, mnaishi kijijini na watu wana macho. Mjue mwenzi wake mapema, na mazungumzo yawe mahali pa wazi. Binti anayetaka kujifunza kwa mwalimu mwanaume aende na mwenzake kwanza. Mwanaume akianza kuleta mambo mengine kwa kisingizio cha kukulea, umri wake haukufungi mdomo: simama mbali na umwambie mwalimu mkuu.

Hatua ya 9: Mkitofautiana

Sisi tulitofautiana juu ya fimbo. Kanuni ya mwaka 2002 inataka adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari lake. Mama alikuwa na fimbo nyembamba mezani kama alivyokuwa na chaki. Hakuumiza watoto, lakini alichapa, na hakuandika popote.

Nilisimama kwenye kikao cha walimu nikasema wapo wenzetu wanaovunja kanuni. Sikutaja jina. Kila mtu alijua. Wiki mbili hakunisemesha, na kikopo cha mihogo kilipita mbali nami.

Nilikuwa sahihi kuhusu kanuni na nilikosea mahali pa kuisemea. Nilimfuata kwenye kona yake baada ya saa za kazi, nikiwa nimesimama, nikasema: "Mama, neno lile nililisemea mahali pasipo pake. Lilikuwa la kuja kwako kwanza. Naomba radhi." Sikuifuta hoja, nilirekebisha njia. Alinyamaza, kisha akaniambia nikae. Akanieleza jinsi alivyochapwa yeye akiwa mdogo, na jinsi watoto 118 wanavyolipuka saa tano na nusu wakiwa na njaa, na yeye yuko peke yake. Kumbe fimbo ilikuwa ya saa hiyo.

Hakuiacha siku ile. Nilichoweza kufanya ni kubadilisha kipindi changu ili saa tano na nusu niwe huru, nikachukua nusu ya watoto nje kwa michezo ya kuhesabu na vile visoda. Kufikia muhula uliofuata fimbo ilikuwa juu ya kabati. Sijui kama ingefika huko kwa hotuba yangu ya kikaoni.

Kwa hiyo: faraghani, mapema, kwa jambo moja tu, na uende tayari kubeba sehemu ya kinachomsababisha afanye hivyo.

Hatua ya 10: Miaka ya mwisho kazini

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Miaka hiyo ya mwisho ina upweke ambao hausemwi. Watu huanza kumzunguka mkongwe kwa ajili ya mafao yake: huyu ana wazo la biashara, yule anauza kiwanja. Usikope kwake, hata elfu kumi. Usimletee mradi. Akikuuliza maoni juu ya pesa, mwelekeze asikilize mwenzi wake na wanaye kwanza.

Unachoweza kumpa ni miguu yako kwenye makaratasi. Anzeni mwaka mmoja kabla. Tafuteni barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, zote za kupandishwa daraja, na hati za mishahara. Walimu wa umri wake wengi walikuwa kwenye mfuko wa pensheni wa PSPF kabla mifuko haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, kwa hiyo hakikisheni michango ya zamani inaonekana. Linganisheni majina: cheti cha darasa la saba kinasema hivi, kitambulisho cha NIDA kinasema vile, jina la ndoa limeingia katikati. Kwa Mama herufi moja tu kwenye jina la baba yake ilitupeleka wilayani mara tatu na kwa wakili kuapa kiapo. Tungeanza mwezi wa mwisho ingekuwa balaa.

Akikataa je?

Wapo ambao hawataki rafiki kazini. Ana watu wake kanisani au msikitini, ana shamba, anamaliza muda wake kwa amani. Ukifanya haya yote kwa mwaka mzima na bado ni salamu tu, basi mpe salamu nzuri. Na wapo wakongwe wanaotumia umri kukutwisha kazi zao: utamjua kwa sababu ukichukua rundo la madaftari yeye anaondoka mezani. Mchapakazi hubaki na nusu yake.

Mama sasa anaishi kilomita kumi na moja kutoka shuleni. Nampigia Jumapili jioni, na kila baada ya wiki chache naenda. Alipostaafu mimi ndiye niliyeomba darasa la kwanza, na kadi zake za maboksi ya chaki ziko kwenye droo ya meza ileile ya karibu na dirisha. Mara ya mwisho nilimkuta ameanika visoda kwenye ungo juani, amevikusanya kwa mwenye duka jirani tangu mwezi uliopita. Akanifungia mfuko mzima kwenye bodaboda, akaniuliza mwakani nategemea watoto wangapi. Nikamwambia wameandikishwa 131. Akarudi ndani kutafuta mfuko mwingine.